Softena Yako Haijaharibika, Umeuziwa Dawa ya Ugonjwa wa Mtu Mwingine

Wasee wa Kitui na Makueni, leo siongelei muziki wala siasa za TikTok. Naongelea lile tanki refu la plastiki lenye kichwa cha saa, na pipa dogo la chumvi kando yake, ambalo limesimama nyuma ya jikoni za watu wengi kuanzia Wote hadi Mwingi likifanya kazi ya kuwa pambo. Linaitwa mashine ya kulainisha maji. Mtaani ni softena. Na nasema wazi: wengi wanaotuuzia hizi mashine huku Ukambani hawajawahi kupima maji ya mtu hata mmoja kabla ya kushika doh yake.

Maji yetu mnayajua. Maji ya munyu. Sabuni inakatika, nywele zinakuwa kama katani, birika linaota chokaa ndani mpaka likichemka linalia kama matatu ya zamani. Isyo unaiweka motoni asubuhi na saa nane maharagwe bado yanakuangalia. Hata ukienda duka la vifaa kununua shawa ya umeme, swali la kwanza ni, "Ya maji ya kawaida ama ya chumvi?" Kwa hivyo mtu akikuletea mashine na kusema itamaliza hayo yote, unamwamini. Ungeamini hata mimi nikikuuzia.

Sasa sikiza kisa kimoja cha Kathonzweni, manake ndicho kilichonifanya niandike. Mama mmoja, jirani ya shangazi yangu, aliwekewa softena mwaka jana. Wiki ya kwanza ilikuwa raha tupu. Povu la sabuni mpaka kwenye viwiko. Alipigia watu simu kuwaambia. Wiki ya pili maji yakarudi vile yalivyokuwa. Akampigia fundi. Fundi akasema, "Mathe, ongeza chumvi." Akaongeza. Hakuna kitu. Fundi akaja, akachukua nauli yake, akabonyeza bonyeza kichwa cha mashine, akasema chumvi ni ya feki, anunue ingine. Akanunua. Hakuna kitu. Mara ya tatu fundi akasema rezini imekufa, inafaa kubadilishwa, na bei ya hiyo rezini nilipoisikia nilikaa chini.

Nilienda nikaangalia mwenyewe. Mimi niliacha chuo, sina cheti cha plambingi wala cha kemia, lakini kulikuwa na kitu ambacho ungekiona hata ukiwa darasa la sita: chumvi kwenye pipa haikuwa imepungua tangu iwekwe. Miezi mitatu. Chumvi ilikuwa imekaa hapo kama mgeni asiyejua anarudi kwao lini.

Hiyo peke yake inakuambia shida iko wapi, lakini lazima ujue mashine inafanyaje kazi, kitu ambacho muuzaji hakukuambia.

Ndani ya lile tanki refu kuna punje ndogo ndogo zinaitwa rezini. Zinakuja zimebeba sodiamu. Maji magumu yakipita, rezini inanyakua kalsiamu na magnesiamu, ambazo ndizo zinazofanya maji yawe magumu, na badala yake inaachilia sodiamu. Ni kubadilishana tu. Baada ya muda rezini inajaa kalsiamu, haina tena sodiamu ya kutoa. Hapo mashine inafaa ijioshe: inavuta maji ya chumvi kali kutoka kwa lile pipa, inayapitisha kwenye rezini, kalsiamu inatolewa inaenda mtaroni, na rezini inaanza upya. Kama haijioshi, imekwisha. Wiki ya kwanza ya yule mama ilikuwa ni ile sodiamu iliyotoka nayo kiwandani. Baada ya hapo alikuwa na tanki la kupitishia maji tu.

Kwa nini haikujiosha? Ile chumvi haivutwi na mota. Inavutwa na maji yenyewe yakipita kwa kasi kwenye kitundu kidogo, kama vile upepo wa lori ukipita karibu nawe unavyokuvuta. Ili hicho kitundu kivute, maji lazima yawe na presha. Mashine nyingi za nyumbani zinataka angalau baa moja na nusu hadi mbili. Naongelea baa ya kupima presha, si ile ya Jumamosi.

Sasa, tangi la maji likiwa juu, kila mita kumi ya kimo inakupa baa moja. Hiyo ni fizikia ya sekondari. Tangi la yule mama liko juu ya stendi ya mita tatu. Baa 0.3. Mashine inataka mara tano ya hiyo, na zaidi. Ili tangi lifikishe baa moja na nusu bila pampu, ungelipandisha mita kumi na tano, yaani juu ya ghorofa ya tano. Onyesha basi ni nyumba ngapi Kathonzweni zenye ghorofa tano. Hizi mashine zimebuniwa kwa nyumba ambazo maji yanatoka kwa bomba la mji na presha yake, saa ishirini na nne. Huku kwetu maji yanapandishwa tangini mara moja, halafu yanashuka polepole kwa uzito wake. Fundi aliyeifunga aliliona tangi. Alipanda hiyo ngazi mwenyewe. Hakutoa geji ya presha mfukoni kwa sababu hana, na muuzaji hajawahi kumpa, kwa sababu geji ingeua biashara.

Ilihitajika pampu ndogo ya kuongeza presha kati ya tangi na mashine. Basi. Rezini haikuwa imekufa. Chumvi haikuwa ya feki.

Kuna makosa mengine madogo nitayapitia haraka, kwa sababu yanasumbua watu na hayahitaji fundi. Angalia mshale kwenye valvu, maji yanaingia upande gani. Wengine wamefungiwa kinyume. Angalia ile njia ya pembeni ya kupitisha maji bila kuingia kwenye mashine, kama imeachwa wazi unaoga maji yale yale ya kisima. Stima ikipotea, na huku inapotea, baadhi ya saa za hizo mashine zinapoteza muda, halafu inajiosha saa nane mchana mkiwa mnafua badala ya saa nane usiku. Chumvi laini ya mezani inashikana juu ikawa kama daraja na chini kuna pango, kwa hivyo weka ya mawe na uichokore na kijiti. Na kama maji yenu yanaacha rangi ya kutu kwenye sinki, chuma kitaifunika rezini mpaka ichoke kabla ya wakati wake, na hapo unahitaji chujio la chuma mbele ya mashine.

Haya. Tuseme umerekebisha yote. Pampu iko, mshale uko sawa, chumvi inapungua. Povu limerudi. Unachota glasi ya maji, unakunywa, na bado ni ya chumvi. Pengine chumvi imezidi hata!

Hapa ndipo hasira yangu yote iko.

Maji magumu na maji ya chumvi ni shida mbili tofauti. Sisi Wakamba tunaita vyote munyu, na muuzaji anajua hivyo, na anatumia hilo jina letu kutuuzia. Softena inatoa ugumu. Haitoi chumvi. Haiwezi. Kila mahali inapotoa kalsiamu inaweka sodiamu. Fanya hesabu: kila miligramu 100 za ugumu kwa lita zinapoondolewa, zinaingia kama miligramu 46 za sodiamu. Kisima kikiwa na ugumu wa 500, na hapo sijataja kisima cha ajabu, umeongeza miligramu 230 za sodiamu kwa kila lita, juu ya ile iliyokuwemo tayari. Shirika la Afya Duniani linasema sodiamu ikipita miligramu 200 kwa lita ladha yenyewe inaanza kukataliwa na watu. Wewe umeipita kwa kutumia mashine uliyonunua ili upate maji matamu.

Na ni nani ananunua hizi mashine? Ni mtoto aliye Nairobi au Gulf anayemtumia mamake pesa. Mamake ana miaka sitini na tano, ana presha ya damu, daktari amemwambia apunguze chumvi kwenye chakula, na yeye kwa utiifu amepunguza, anakula muthokoi usio na ladha. Halafu kwa bomba anakunywa sodiamu kutoka asubuhi mpaka jioni. Hakuna mtu aliyemwambia aache bomba moja la jikoni bila kuunganishwa na mashine, wala amuulize daktari. Hicho ndicho kinanikera kuliko pesa.

Halafu kuna floridi. Kama kisima chenu kina floridi kupita miligramu 1.5 kwa lita, meno ya watoto yanatoka na madoa ya kahawia yasiyoondoka na mswaki wowote. Softena haiigusi floridi. Haioni. Lakini mzazi akishaona povu anadhani maji yamekuwa safi, anaacha kutafuta maji mengine. Mashine imempa imani, na imani ndiyo inamletea mtoto madoa.

Mnakumbuka ile kalamu ndogo ya kidijitali wanayotumbukiza kwenye glasi ili namba kubwa ikutishe? Inaitwa kipima TDS. Inapima jumla ya vitu vilivyoyeyuka majini. Haijui kama ni kalsiamu, chumvi, floridi ama nini. Ukitumbukiza kwenye maji yaliyopita kwenye softena, namba haishuki, manake kalsiamu imetoka na sodiamu imeingia. Kwa hivyo ukionyeshwa namba imeshuka kutoka juu hadi karibu na sifuri, maji hayo yametoka kwa mashine ya RO, si kwa hiyo unayouziwa. Muulize muuzaji papo hapo atumbukize kalamu kwenye maji ya mashine yake. Uangalie uso wake.

RO yenyewe ndiyo inayotoa chumvi na floridi. Lakini nayo ina shida zake: inataka presha, inataka umeme, na inamwaga sehemu kubwa ya maji ili ikupe kidogo safi. Kwa kunywa, sawa. Kwa kuogesha ng'ombe, hapana.

Wacha turudi kwa hesabu, manake hakuna mtu anakufanyia. Mashine ndogo yenye lita kumi za rezini inabeba takribani gramu 400 za ugumu kabla ijae. Maji yenye ugumu wa 600 yanaijaza kwa lita 670 hivi. Familia inayotumia lita 300 kwa siku inaijaza kwa siku mbili na kidogo. Mara ngapi mmekuta mashine imesetiwa kujiosha mara moja kwa wiki kwa sababu ndivyo ilivyotoka kwenye boksi? Siku mbili laini, siku tano ngumu, na fundi anasema ni kawaida.

Na ukiiseti vizuri, ijioshe kila baada ya siku mbili, kila kuoga kwake ni zaidi ya kilo moja ya chumvi na lita themanini hivi za maji. Mitungi minne! Kwa kaunti ambapo kuna watoto wanatembea na punda kutafuta mtungi mmoja kwenye mchanga wa mto. Kwa mwezi ni kilo kumi na tano hadi kumi na nane za chumvi. Kwa mwaka ni magunia manne ya kilo hamsini. Yanaenda wapi? Mtaroni. Mtaro unaenda wapi? Kwa mwembe. Makueni inajivunia maembe na machungwa, halafu nyuma ya nyumba tunayamwagia maji ya bahari kwa awamu. Sodiamu ikikaa kwenye udongo wa mfinyanzi inaufunga, maji hayapiti tena, ukoko mweupe unatokea juu na mti unaanza kukauka kutoka kwenye ncha za majani. Ukiona hivyo usimlaumu mchawi.

Sisemi softena ni takataka. Kwa hosteli yenye mashine za kufulia, kwa hoteli yenye boila, kwa nyumba yenye maji magumu lakini yasiyo na chumvi, ni mashine nzuri sana. Shida ni kuiuza Mutomo na Ikutha vile vile unavyoiuza kwingine, kama vile mtu wa duka la dawa anayetoa dawa ileile kwa kila anayesema "naumwa". Na wale wa sumaku za kufunga kwenye bomba, nyinyi hata sitawapa aya.

Sasa nije kwa sisi wa kontenti. Nimeandikiwa na wauzaji nitangaze hizi vitu, video ya sekunde thelathini, sabuni, povu, tabasamu. Nikauliza swali moja: mnapima maji ya mteja kwanza? Jibu likawa kwamba mimi nishughulike na video. Nikaacha. Lakini kuna wenzangu wamechukua, na nawaona, mko mbele ya sinki la Kilimani mnawauzia watu wa Tseikuru. Maji ya Nairobi yanayotoka Ndakaini hayahitaji mashine yako, boss. Ndiyo maana povu lako linatoka vizuri.

Na msidhani serikali imeponyoka. Huku kila anayetaka kura anachimba kisima. Rigi inakuja, maji yanaruka juu, watu wanacheza, picha zinapigwa, shati linaloa. Hakuna anayeuliza maji hayo yana nini. Mawe yetu ya chini ni ya kale, maji yanakaa kwenye nyufa miaka mingi yakiyeyusha kila kitu, na joto la huku linafanya chumvi ibaki kwenye udongo. Kila mtu wa maji anajua hivyo. Kuchimba kisima kunahitaji kibali cha WRA, na sampuli ya maji inafaa kwenda maabara. Swali langu ni dogo: karatasi iko wapi? Kwa nini haijabandikwa kwa ukuta wa kioski? Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinanipa haki ya maji safi na salama ya kutosha. Cha 46 kinanipa haki ya kupewa habari ninayohitaji ili nifaidike na ninachonunua, na kulipwa nikipata hasara. Hakikusema "isipokuwa Ukambani".

Wakati huo huo bwawa la Thwake, lililoanza kujengwa 2018 karibu na makutano ya Athi na mto Thwake, tarehe yake ya kumalizika imesogezwa mara kadhaa. Na tangu miaka ya 1950 kuna bomba linatoa maji matamu ya Mzima, yanayochujwa na mawe ya Chyulu, kuyapeleka Mombasa. Chyulu tunaiona kutoka Kibwezi kila asubuhi. Mombasa wanywe, siwaonei wivu. Nasema tu kwamba tukiambiwa suluhisho la Kitui na Makueni ni kila mama ajinunulie mashine, tujue ni nani amejitoa kwenye kazi yake.

Kitu kingine hakiuzwi na ndiyo maana hakitangazwi. Maji ya mvua ni laini. Hayana kalsiamu, hayana munyu, hayana floridi. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ya mabati ni lita moja. Nyumba yenye paa la mita 60, usiku mmoja wa mvua ya milimita 30, hata ukipoteza sehemu ya tano, ni lita 1,440. Usiku mmoja. Mwaga yale ya kwanza yanayoosha vumbi na mavi ya ndege, kisha kinga. Bei ya softena, pampu yake na nauli za fundi inaweza kununua gata na tangi kubwa. Wazee wetu walielewa. Kitui kuna mamia ya mabwawa ya mchanga, mengi yamejengwa na wanavijiji pamoja na SASOL tangu miaka ya 1990, yanayoshika maji ya mto chini ya mchanga. Kisima cha munyu kifue, kioshe choo, kijenge. Mvua inywewe na ipike isyo.

Kama bado unataka mashine, fanya hivi kabla ya kutuma hata shilingi. Chukua chupa tatu. Moja maji ya kisima, moja ya mvua, na moja ya maji kutoka kwa mteja mwingine wa huyo muuzaji, mtu wa karibu nawe, ambaye mashine yake imemaliza miezi sita. Kata vipande sawa vya sabuni ya mche, si ya unga, hiyo inatoa povu hata kwenye maji magumu. Tikisa. Linganisha. Halafu peleka sampuli maabara. WRA, KEBS na Mkemia Mkuu wa Serikali wanapima. Itisha namba za ugumu, sodiamu, kloridi, floridi na chuma. Pima kimo cha tangi lako kwa kamba. Ndipo umwite muuzaji, na umwambie aandike kwenye risiti mashine yake itatoa nini na haitatoa nini.

Yule mama wa Kathonzweni amefungiwa pampu, na kijana wa hapo hapo, si na yule fundi wa rezini. Anafua na kuoga na softena. Bomba la jikoni tumelitoa kwenye mashine, na gata inawekwa kabla ya mvua za Oktoba.

Kama una karatasi ya maabara ya kisima cha kwenu, cha shule, cha soko au cha kanisa, nitumie picha. Funika jina la mwenye ploti, acha jina la lokesheni na namba. Naanza na za Mutomo na Kathonzweni, na nitaziweka zote hapa, moja baada ya nyingine.